Moro: Kupanda Morningside hadi kwenye chemchemi ya juu na kurudi siku hiyo hiyo (njia, muda, maji na magoti)

Mbega Mweusi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Swali la "nipo Dar, nina Jumamosi moja tu, niende wapi nikatoe jasho" limeulizwa humu hadi limechakaa, na majibu ni yale yale: Pugu, Bagamoyo, Kigamboni. Mimi nawapeleka mji kasoro bahari. Kuna matembezi ya siku moja pale, mafupi kwa kilomita lakini marefu kwa pumzi, na huko juu unakuta maji yanatoka chini ya mwamba.

Kufika Moro siku hizi si hadithi tena. Treni ya mwendokasi ilianza safari za Dar–Morogoro Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa 13,000, na ndani ya saa mbili umeshafika. Stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo bado una bajaji au bodaboda ya kukufikisha kati. Wa basi mnashuka Msamvu kama kawaida, ila mkifika saa 5 na jua limeshachachamaa msinilaumu.

Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Hapo hapo mgongoni kwake kuna Lupanga, mita 2,138, na Bondwa ile yenye minara, mita 2,100 na ushee. Kilele kikubwa cha Uluguru yote ni Kimhandu, 2,630, lakini hicho kiko kusini huko, mjini hukioni. Nayataja haya ili mtu aelewe kwa nini njia hii inapanda vile. Hakuna vilima vya kukuzoesha. Unamaliza nyumba, unaanza mlima.

Njia yenyewe: shika Barabara ya Boma uelekee mlimani. Upande wa Rock Garden utauona Mto Morogoro unavyopiga kelele kwenye mawe. Utazame vizuri, maana siku nzima utakuwa unaurudisha nyuma kuelekea ulikozaliwa. Kuna barabara ya vumbi inayokwenda hadi Morningside, lile jengo la zamani la enzi za Mjerumani. Pikipiki inafika, gari lenye miguu mirefu linafika kwa maombi, gari dogo liache mjini.

Barabara inajizungusha sana. Wenyeji hawana muda huo, wana vichochoro vyao vinavyokata kona na kupanda moja kwa moja. Ukivifuata unaokoa umbali mwingi na unaulipia kwa mapaja. Ni udongo mwekundu uliokanyagwa na vizazi, sehemu nyingine mizizi ndiyo ngazi yako. Na huko ndiko utakutana na kina mama wanashuka na matenga kichwani: karoti, kabichi, giligilani, mikungu ya ndizi, wengine pekupeku, wengine na ndala, wanapiga soga kana kwamba wako uwanja wa mpira. Wanawahi Soko la Chifu Kingalu. Adabu ya njia ni hii: mwenye mzigo ndiye mwenye barabara. Egemea upande wa mlima, mwachie upande ulio wazi, mwamkie. Nimeona vijana wa mjini wamesimama katikati wanapiga selfi huku mama wa miaka sitini na kilo thelathini kichwani anatafuta pa kuweka mguu. Aibu.

Kwa mtu wa kawaida, mjini hadi Morningside hesabu saa mbili na nusu hadi tatu, ukipumzika kistaarabu. Juu ya pale mashamba yanaanza kuachana na msitu unasogea. Ukivuka mpaka wa msitu uko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa 2008 na sasa inasimamiwa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na kuingia humo ni kwa kibali. Chukueni kibali mjini kabla, msije kubishana na askari wa misitu mkiwa mmeshachoka.

Chemchemi iko kwenye kibonde, karibu na ukingo wa msitu. Ukifika hutaambiwa, utasikia ubaridi kwanza. Kuna jiwe kubwa limevaa kuvumwani hadi chini, na maji yanatoka kwenye ufa kati ya jiwe na mzizi. Mtu amechomeka nusu ya mwanzi pale ukawa mfereji, maji yanaanguka kwenye kidimbwi kisichozidi karai la zege. Ukiweka mkono, kabla hujahesabu hadi ishirini vidole vinauma. Ukiinua jiwe dogo pembeni, taratibu, unakuta kaa wa kahawia, mdogo kama sarafu, anakukimbia kiubavu. Kirudishe kijiwe chake kama ulivyokikuta.

Mambo mawili ya mwisho halafu niwaachie uwanja. Kwanza, kinachoua watu kwenye njia hii ni kushuka. Kupanda unachoka tu, kushuka unaumia. Pili, yale maji ni bomba la mtu. Hapo juu hatuogi, hatufui, hatuoshi vyombo vya pilau.

Picha nitaweka nikishika kompyuta.

---

Siti ya Dirishani

Nimekaa mbele kabisa. "Picha nitaweka" humu ndani ni sawa na ile ahadi ya "nakupigia baadaye". Tunasubiri.

---

Dada wa Kihonda

Asante kaka Mbega. Miye naishi Moro mwaka wa nne na huko juu nimeishia kupaangalia tu nikianika nguo. Naomba kuuliza kama mwanamke: njia ina watu? Nikienda na mdogo wangu wa kike tu, bila kundi, ni salama? Halafu nina mtoto wa miaka tisa anayenisumbua twende. Mazoezi yangu ni kutembea sokoni na kurudi.

---

Mbega Mweusi

Dada, njia ya hadi Morningside ina watu asubuhi yote, na wengi ni kina mama. Hata hivyo usiende bila mwenyeji. Mwenyeji utampata kupitia ofisi za utalii pale mjini au kwa TFS wenyewe. Mkubaliane bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza, na iwe bei ya kundi zima, siyo ya kichwa. Ukiokota kijana njiani anayejiita mwongozaji wa mlima, bei yake ya chini na bei yake ya juu ni vitu viwili tofauti.

Mtoto wa miaka tisa mwenye ubishi anakushinda wewe na mimi. Tatizo lake ni kushuka, atataka kukimbia. Mkabidhi kazi: yeye ndiye mbeba fimbo, yeye ndiye wa kupima utelezi. Ukiona kwenye Morningside kashachoka, igeuzeni hapo hapo iwe ndiyo mwisho. Mandhari ya mji na mashamba ya chini yanatosha kabisa, na chemchemi haihami.

Kwa wewe wa mazoezi ya sokoni: ondoka saa 12 asubuhi, usiondoke saa 2. Sehemu ya chini ya njia haina kivuli. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeongeza mwendo.

---

Fundi Bomba

Uzi mzuri, na mimi nichomekee la kazini kwangu, maana mabomba ndiyo yananilisha.

Watu wanadhani chemchemi ni tangi lililofichwa ndani ya mlima. Hapana. Uluguru inapokea mvua kutoka Bahari ya Hindi. Upepo unakuja na unyevu wake, unagonga mlima, unalazimika kupanda, unapoa, mvua inashuka. Ndiyo maana upande wa mashariki, Kinole na Matombo huko, kunanyesha kuliko huku kwetu mjini, na ndiyo maana kule kuna karafuu, mdalasini na mananasi. Sasa msitu wa juu unafanya kazi mbili. Mvua ikinyesha, majani na takataka zilizooza chini zinaizuia isikimbie, inaingia ardhini polepole. Na hata siku isiyo na mvua, ukungu unaganda kwenye majani na kuvumwani, unadondoka tone tone. Hayo yote yanazama kwenye udongo, yanapita kwenye nyufa za mwamba, yanakutana na mwamba usiopitisha, yanatafuta pa kutokea. Mahali yanapotokea ndipo mleta mada alipoweka mkono.

Kwa hiyo maji unayoyaona Septemba, wakati Dar wanagombania madumu, ni ya masika iliyopita. Fyeka msitu na masika itakuja vilevile, tena kwa kishindo, ila itapita siku mbili na matope yake, halafu kiangazi ufa ule unakauka.

Mji wa Moro unategemea sana Bwawa la Mindu, lililo kwenye Mto Ngerengere, pamoja na vyanzo vidogo vya mlimani. Na nyie wa Dar msijione mko mbali: Ruvu inayowanywesha inaanzia kwenye milima hii hii. Unayepanda na sabuni ya unga kwenye begi, unajifulia kwenye glasi yako mwenyewe.

---

Mtoto wa Mjini Halisi

Fundi umeongea. Sasa tuseme ukweli: wanaoharibu ni wakulima wa huko juu. Nilipanda mwaka jana, mahindi na maharage yamelimwa hadi kwenye mdomo wa kijito. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 ya chanzo cha maji. Mita sitini! Pale hata sita hazipo. Wahamishwe, basi. Tunawabembeleza wa nini?

---

Mjukuu wa Matombo

Kijana, punguza moto kidogo, nikusimulie.

Unayoyasema mita 60 ni kweli yako kwenye sheria, sibishi. Lakini "wahamishwe, basi" tumeshawahi kuisikia, kwa lugha nyingine na kwa mtu mwingine. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilileta mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wataalamu waliona hilo hilo unaloliona wewe: mlima unalimwa, udongo unashuka, mito inajaa matope. Wakaamuru kila mtu achimbe matuta ya ngazi kwenye shamba lake, kwa lazima, na asiyechimba anashitakiwa na kutozwa faini. Kazi ile ilikuwa ya jembe la mkono kwenye mteremko ambao mbuzi anafikiria mara mbili. Na mlimaji haoni faida, maana ngazi zile kwenye udongo wa kwetu zilifukua udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu. Mwaka 1955 watu wa Matombo walichoka. Kukawa na ghasia, damu ikamwagika, na mpango ukafa. Bibi zetu walisimulia habari hizi jikoni hadi sisi wajukuu tukajua kuzisimulia.

Ajabu yake ni kwamba Mgeta, milima hii hii, ngazi zipo hadi leo na mboga mnazokula Dar zinatoka humo. Kule kilimo cha mboga kiliwalipa, wakazitunza wenyewe.

Halafu ujue na ardhi ya Mluguru ilivyokaa. Ni ya ukoo, na ukoo kwetu unafuata mama. Kile kishamba ulichokiona mdomoni mwa kijito pengine hakina hati, lakini kina bibi, na bibi wa bibi. Ukisema ahame, unasema ahamie wapi? Kuteremka mjini akauze karanga Msamvu?

---

Mtoto wa Mjini Halisi

Shikamoo mzee wangu. Historia nimeipokea, sikuwahi kufundishwa hiyo shuleni. Lakini bado swali langu lipo mezani: maji yakikauka, huyo bibi wa bibi na yeye atakunywa nini? Tusijifiche kwenye ukoloni.

---

Mjukuu wa Matombo

Marahaba. Swali halali, na jibu lake limeshajaribiwa. Kibungo Juu, kwenye mmoja wa mito inayoingia Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi uliokuwa na wazo rahisi: wanaokunywa maji chini wamlipe anayeyatunza juu. DAWASCO ya wakati ule (shirika la maji la Dar) na kiwanda cha Coca-Cola waliingia kama wanunuzi. Mkulima anayeweka ngazi, anayepanda miti na kuacha kuchoma moto, analipwa kulingana na eneo alilohudumia. Pesa hazikuwa nyingi na mradi ulifika mwisho wake kama miradi yote. Lakini watu walichimba ngazi kwa hiari, zile zile zilizowafanya babu zao washike mawe 1955. Tofauti ilikuwa kuulizwa na kulipwa.

Kwa hiyo sipingi mita zako sitini. Nataka tu anayezipima aje na zaidi ya futi kamba.

---

Fundi Bomba

Hapo mzee kamaliza. Niongeze moja ambalo huwa linanikera: mikaratusi. Mtu anaambiwa apande miti kulinda chanzo, anapanda mikaratusi kwa sababu inakua upesi na nguzo zinauzika. Mti ule una kiu. Uweke kwenye miteremko mikavu ya mbali, utapata kuni na nguzo. Ukiuweka kwenye jicho la maji, umeajiri mlevi kulinda baa. Pale chanzoni acha mikuyu na migomba-mwitu iliyojiotea, ukipanda basi panda ya asili.

---

Siti ya Dirishani

Siasa ya ardhi nimeielewa, sasa turudi mlimani. Mleta mada, weka basi kodineti za hiyo chemchemi tuingize kwenye ramani ya simu. Na picha (sijasahau).

---

Mbega Mweusi

Kodineti siweki, mkuu, na nitasema kwa nini ili isionekane roho mbaya.

Sehemu zote nilizoona zimewekwa kwenye ramani na kila mtu zimepitia hatua zile zile. Kwanza wanakuja watu kumi wastaarabu. Halafu wanakuja na spika. Halafu chupa za plastiki, halafu pampasi, naam, pampasi, nimeikuta kwenye mto mmoja mlimani mahali pengine. Kidimbwi chenyewe nimesema ni kama karai. Watu ishirini wakizunguka pale kwa viatu, kingo zinabomoka na maji yanakuwa uji wa udongo, na chini kidogo kuna mpira mweusi unaopeleka maji kwenye nyumba za watu.

Ukichukua mwenyeji atakufikisha. Ukifika utafika na mtu atakayekuambia hapa usikanyage. Na yeye anarudi nyumbani na kitu mfukoni. Huyo ndiye "wanaokunywa chini walipe wanaotunza juu" wa mzee hapo, kwa kipimo cha mfuko wetu.

---

Mtoto wa Mjini Halisi

Naona umeamua kutulazimisha kulipa mwenyeji. Kwa mtu mmoja mwenye bajeti ndogo hiyo inauma.

---

Mbega Mweusi

Ndiyo maana unatafuta wenzako wanne mgawane. Peke yako hata mimi nakushauri uishie Morningside, barabara haina pa kupotea.

---

Kifungua Mimba

Salamu kutoka Voi, majirani. Nimefuata uzi huu kimyakimya, na mimi nina wangu. Sisi Taita tuko na Kasigau, mlima mdogo wa mita 1,641, uko peke yake kwenye nyika kavu, ukitoka barabara ya Mombasa pale Maungu. Chini ni vumbi na ndovu, juu ni msitu wa ukungu, umelowa hadi viatu vinaota. Maji ya vijiji vya chini, Rukanga, Bungule na vingine, yanategemea huko juu. Mtu anaupanda na kushuka siku moja, lakini anapanda kwa mikono na miguu. Ninyi wa Moro mkipata nafasi, karibuni. Na stori ya mzee wa Matombo imenigusa: watu wa Kasigau nao Mwingereza aliwahamisha wote wakati wa Vita vya Kwanza, 1915, akiwashuku kwamba wamewaonyesha Wajerumani njia, akawapeleka Malindi. Wengi hawakurudi.

Swali langu ni dogo: hayo maji ya chemchemi mnakunywa hivyo hivyo?

---

Mbega Mweusi

Karibu sana jirani. Kasigau nimeiweka kwenye orodha.

Maji: pale kwenye ufa wenyewe, kabla hayajagusa kitu, wenyeji wanakunywa na mimi hupiga mafunda mawili matatu kwa kiganja. Hiyo ni tamaa yangu, usiichukue kama ushauri wa daktari. Ya kunywa siku nzima nabeba ya kwangu, lita mbili na nusu kwa kichwa, na vidonge vya kutibia maji kwenye mfuko wa pembeni. Ukishateremka chini ya mashamba, hata yawe meupe kiasi gani, usiyaguse bila kuchemsha. Juu yako kuna choo cha mtu, kuna ng'ombe, kuna dawa ya kunyunyizia kabichi. Taifodi haina rangi.

---

Dada wa Kihonda

Na mavazi? Naona watu wanapanda na kaptura.

---

Mbega Mweusi

Hadi Morningside kaptura sawa. Ukiingia msituni vaa suruali ndefu, chomeka ndani ya soksi, hata ukionekana mshamba. Kuna upupu kwenye kingo za mashamba yaliyoachwa, na ukikugusa utajikuna hadi kesho yake. Kuna siafu, hasa ardhi ikiwa na unyevu. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka, usisimame kuuliza. Wakishapanda ndani ya suruali hakuna cha heshima tena, utavua mbele ya kundi.

Viatu: meno, meno, meno. Raba ya kukimbilia iliyolika chini itakulaza. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye alikuja na viatu vyeupe vya sherehe. Kupanda alikuwa anatutangulia na kututania. Kushuka, kile kipande cha udongo mwekundu chini ya Morningside alikishuka kwa makalio, kipande chote, kina mama wa matenga wakimpita kwa kicheko na pole. Alibahatika, aliondoka na suruali iliyochanika tu.

Mbinu ya kushuka niliyojifunza kwa wenyeji: kunja magoti kidogo muda wote, usishuke na mguu ulionyooka. Hatua fupi za haraka, kisigino kisitangulie, mwili usiegemee nyuma. Woga ndio unaotufanya tuegemee nyuma, na ukiegemea nyuma miguu inatangulia bila wewe. Fimbo ishikwe mbele, upande wa bonde. Penye utelezi mbaya geuka ubavu. Na ukihisi mapaja yameanza kutetemeka, kaa chini dakika tano hata kama mwenyeji anakuangalia vibaya.

---

Mchumi wa Kata

Wakuu, nikiwa na nguvu zangu niunganishe na Lupanga siku hiyo hiyo?

---

Mjukuu wa Matombo

Ukiwa na nguvu zako, zihifadhi. Lupanga ni safari yake na njia yake, inaanzia upande mwingine wa mji, na ni kali kuliko hii. Kutoka Morningside mtu anaweza kuendelea kupanda msituni kwenda Bondwa kwenye minara, lakini hapo tayari umeshatoka kwenye matembezi mafupi. Kama unataka kitu cha aina hii hii chenye ladha tofauti, nenda Choma, kijiji kiko mlimani na kina maporomoko yake. Au njoo kwetu upande wa mashariki, unapanda huku umenusa mdalasini na pilipili manga.

---

Mchumi wa Kata

Miezi gani mizuri mzee?

---

Mjukuu wa Matombo

Juni hadi Septemba. Njia imekauka, kuna baridi tamu, na juu asubuhi unaweza kuhitaji sweta. Januari na Februari pia inafaa ila jua litakukaanga. Machi hadi Mei ni masika, tuachieni wenyewe. Udongo ule ukilowa hata sisi tunashika miti. Vuli inategemea, ukiona wingu limekaa juu ya Bondwa saa 2 asubuhi na halitaki kuondoka, kunywa chai mjini.

---

Siti ya Dirishani

Basi tufanye kweli. Nani na nani Jumamosi ya wiki ijayo? Mimi natoka Dar na treni ya asubuhi ya kwanza. Nalipia sehemu yangu ya mwenyeji, sina kelele.

---

Dada wa Kihonda

Mimi na mdogo wangu, na mtoto. Tunaishia Morningside sisi watatu, nyie endeleeni. Uji na maandazi ya wote nitabeba mimi.

---

Mtoto wa Mjini Halisi

Niwekeni. Naja na mifuko mitupu ya taka, tutakachokiokota njiani kitashuka na mimi. Mzee wa Matombo, ukipata nafasi tukutane pale Boma hata kwa dakika kumi, nina maswali ya ile 1955.

---

Mjukuu wa Matombo

Nitakuwepo, kupanda sipandi, magoti yangu yana umri wao. Nitawasubiri kwenye kahawa mkishuka.

---

Mbega Mweusi

Tuko sita na mtoto, inatosha, kundi nalifunga hapo. Wengine pangeni Jumamosi yenu. Ofisi za kibali Jumamosi msizitegemee, kwa hiyo naomba majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho kwa ujumbe wa faragha kabla ya Alhamisi, nikaombe vibali vya wanaopita Morningside. Ukipewa namba ya malipo, lipa kwa simu siku hiyo hiyo na unitumie risiti. Saa 3 kamili tunaondoka pale Rock Garden. Tumechelewa kidogo kwa sababu ya treni, kwa hiyo kofia kila mtu, na asiyefika hadi saa 3 na robo atupigie akiwa juu ya bodaboda ya Morningside.

Picha ziko kwenye simu nyingine.

---

Siti ya Dirishani

Nilijua tu.